Jina la Jenerali Wangu

Nikifungua katoni ya sabuni ya mche, harufu yake hunirudisha Voi, kwenye sakafu ya sebule ya Mjomba Mwadime, mwaka niliokuwa msichana wa darasa la nane. Upande wa ndani wa katoni kama hiyo ndipo mimi na binamu yangu Mwakio tulipochora dola ya Roma. Visoda vya chupa vilikuwa wanajeshi, mawe meupe kutoka vilima vya Sagalla yalikuwa majenerali, na kila jenerali alikuwa na jina lake kwenye kipande cha karatasi. Ulishinda kwa kupanga vita, si kwa bahati, na Mwakio alinichapa karibu kila siku.

Mwanzoni tuliwapa majina ya Kidawida, lugha ya nyumbani: kila jenerali alipewa jina la babu mmoja wa ukoo wetu. Kisha Mwakio akaazima kitabu cha historia shuleni, akarudi nacho mkali kama hakimu.

"Hakuna Mrumi aliitwa hivyo. Kama jina si la ukweli, huyo mtu hachezi!"

Akaniondolea majenerali watano siku moja. Nilinuna, halafu nami nikakisoma kitabu.

Siku hizohizo zikaja fomu za mtihani. Mwalimu alituonya kwamba jina litakaloandikwa ndilo tutakalozeeka nalo, na mlezi ndiye atakayejaza. Marehemu baba yangu, Ouma, alikuwa fundi wa reli kutoka magharibi. Mama naye alifariki kabla sijajua kusoma, na kaka yake, Mjomba, ndiye aliyenilisha na kunivisha. Niliogopa ataandika jina lake na la baba lifutike kabisa. Nikikataa, nitaonekana sina shukrani. Kila usiku ugali wangu nilimwachia Mwakio.

Ndipo nikakuta kitabuni kwamba Mrumi akifanywa mwana wa ukoo mwingine, alichukua jina la baba mpya, na la ukoo aliozaliwa likabaki mwishoni. Nikamtengeneza Tito Valerio Liviano, mtoto wa akina Livio aliyelelewa na akina Valerio. Mwakio alimkagua mara mbili, akakubali shingo upande.

Jioni hiyo Mjomba akatandaza fomu mezani. "Sasa, mama, tuandike vipi?"

Nikamweleza habari za Tito mwanzo hadi mwisho. Alicheka hadi akavua miwani.

"Kumbe hawa Warumi walikuwa watu wa maana!"

Akaandika polepole: Wakesho Mwadime Ouma. Jamani, nilishusha pumzi! Usiku huo nilikula ugali wa watu wawili.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliyeokolewa siku ile ni mimi. Baadaye nami nikachukua mtoto wa kulea, ikafika zamu yangu kujaza fomu yake, na siku zikapita sijathubutu kumuuliza tuandike jina la nani. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Mjomba alikaa na ile fomu siku nne nzima bila kuandika neno. Hakuwa na mpango wowote wa kumfuta baba yangu. Alikuwa anaogopa kuniuliza, nisije nikaliacha jina lake.