Mipira Isiyo na Uzito

Binti yangu alipokuwa na miaka sita alikuwa bado hawezi kunywa uji bila kuumwaga. Si kwamba hakuwa na nguvu. Akikung'ang'ania nguo ilibidi umbandue kidole kimoja kimoja. Tatizo ni kwamba mkono wake haukujua uende umbali gani. Ulipita pembeni ya kikombe, au ulikigonga kikaanguka, na siku alizofanikiwa kukipata alikibana mpaka mikono ikatetemeka. Ngazi za mlangoni kwetu Kahama alizishuka kwa makalio. Watoto wa mtaani waliacha kumrushia mpira kwa sababu hakuinua mikono. Aliutazama tu unavyokuja mpaka umpige.

Maneno yake yalikuwa machache: maji, hapana, redio. Wageni waliliona hilo kwanza na kunipa pole. Mimi niliumia zaidi kwa ajili ya mikono. Niliona kwamba mtu asiyeongea anaweza kujilisha na kujivika, lakini mtu ambaye mikono haimtii anahitaji mwenzake kwa kila kitu, na mwenzake huyo nilikuwa mimi, na mimi sitaishi milele.

Tulimpeleka Mwanza, hospitali kubwa, na huko daktari akatuambia mtoto ana usonji. Mume wangu alisikiliza ameinamisha kichwa. Tulipokuwa kwenye basi tunarudi akaniuliza, "Kwa hiyo ni ugonjwa wa kupona?"

"Daktari kasema si ugonjwa."

"Sasa hospitali tulifuata nini?"

Mtoto alikuwa amelala katikati yetu, amekunja ngumi zote mbili.

Mume wangu ni mfanyabiashara, mtoto wa mfanyabiashara. Ukoo wao ulitoka Tabora kufuata maduka, na yeye akafuata dhahabu kwa njia yake: ana duka Runzewe, ambako hukaa siku nyingi za wiki, anawauzia wachimbaji wadogo pampu za kutolea maji mashimoni, mikanda ya mota, na vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe. Mimi ni Msukuma wa Didia, niliyesilimu nilipoolewa. Dada yake mkubwa, wifi yangu, hakuwahi kulipenda hilo sana, na mtoto alipoonekana hivyo alivyo akasema amewekewa kitu, apelekwe kwa mtu anayemjua yeye. Mume wangu alikataa. Alimwambia dada yake, tena mbele yangu, "Mtoto wangu hachanjwi chale na mtu yeyote." Kwa hilo peke yake namheshimu hadi leo, licha ya mengine yote yaliyofuata.

Tukampeleka kwenye shule ya msingi yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Mwalimu wao alikuwa dada mdogo kuliko mimi, mpole, mwenye tabia ya kuongea na watoto akiwa amechuchumaa. Wafadhili walikuwa wamewaletea runinga kubwa yenye kamera juu yake. Mtoto akisimama mbele yake anajiona ndani ya kioo, na mipira ya rangi inaanza kumjia kutoka pande zote. Akipeleka mkono mahali mpira ulipo, unapasuka na kutoa mlio wa kengele.

Siku ya kwanza binti yangu alisimama tu. Baada ya wiki kadhaa mwalimu aliniita dirishani. Nilimkuta mtoto wangu anapeleka mkono kulia, kushoto, juu, na kila alipoupeleka kengele ililia. Hakukosa. Mikono ile ile iliyoshindwa kupata kikombe mezani. Nilishika nondo za dirisha nikalia, na mwalimu akanishika bega. Nilimpigia simu mume wangu palepale. Akasema, "Ninakuja."

Alikuja, akaona, na kabla hajarudi Runzewe alikuwa ameshaagiza runinga na kamera kama ile kutoka Mwanza. Ikafungwa sebuleni kwetu.

Sikukuu ya Idi ilipofika akawaalika ndugu. Tulikula pilau, na watu walipomaliza kunawa mikono, mume wangu akasimama, akawaomba wakae vizuri. Akawasha. Mtoto, amevaa gauni lake jipya, akaenda mwenyewe kusimama mahali pake. Kengele zikaanza. Mashemeji wakapiga makofi. Hata wifi yangu alisogea mbele kwenye kochi. Sikuwahi kumwona mume wangu na uso ule, wa mtu aliyekuwa akishtakiwa kwa muda mrefu na sasa shahidi wake ametokea.

Mdogo wake wa kiume, ambaye hana ubaya na mtu, alichukua chungwa kwenye sinia. "Haya mama mdogo," akamwita mtoto akicheka, "daka na hili la ba'mdogo." Akalirusha, taratibu kabisa.

Mtoto aligeuka, akalitazama. Mikono ilibaki chini. Chungwa likampiga juu ya mdomo.

Alipiga ukelele mmoja, akaanza kujipiga kofi pale pale lilipomgusa, tena na tena. Nilimkimbilia nikamkumbatia kwa nyuma, nikamshika mikono. Damu kidogo ilikuwa kwenye fizi. Kwenye runinga mipira iliendelea kuja, hakuna wa kuipasua. Wifi yangu akasema kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Sasa hii ndiyo tuliyoitiwa?"

Mume wangu alizima runinga. Wageni waliondoka mapema.

Tangu siku hiyo nyumba yetu iligawanyika. Mimi nilitaka tuanze kumfundisha vitu vya kushika, vikombe, vifungo, mpira wa kitambaa. Yeye hakutaka kuona mpira ndani ya nyumba.

"Kwenye runinga anaweza," alisema. "Kwa nini umtoe mahali anapoweza umpeleke mahali anapochekwa?"

"Kwa sababu hatakula kwenye runinga, baba."

"Wewe huoni raha akifanikiwa?"

"Naona. Ndiyo inayonitisha."

Akawa akija Kahama anamwashia kutwa nzima. Akiondoka, mtoto ananivuta nguo kuelekea runinga, na nikikataa anagonga kichwa ukutani. Siku moja mchana umeme ukakatika katikati ya mchezo. Nilikuwa nachambua mchele uani. Niliporudi ndani nilimkuta bado amesimama mbele ya kioo cheusi, amenyoosha mikono, anaipeleka huku na huku, anasubiri kengele. Nilimwita, hakugeuka. Nilimshika mkono, ukawa mgumu kama mpini. Tulikaa hivyo mpaka jasho likamtoka. Umeme uliporudi nilichomoa waya ukutani, nikamsubiri alie mpaka amalize.

Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa na hasira naye, kana kwamba yeye ndiye aliyemfanya mtoto awe hivyo. Nilimuuliza kwa nini mtoto anapasua mipira yote ya kwenye kioo na chungwa moja linamshinda.

Alichuchumaa, kwa mazoea, kisha akagundua anaongea na mtu mzima akavuta kiti. "Mama, na mimi nimejiuliza sana," alisema. "Mpira wa kwenye kioo hauna uzito. Haumgusi. Akiupata hakuna kinachomfika kwenye kiganja, akiukosa hakuna kinachomuumiza. Nadhani amejifunza ule mchezo vizuri sana, lakini amejifunza mchezo tu. Kudaka ni jambo jingine, mwili wake bado haujalijua."

"Sasa mwili utalijuaje?"

"Kwa kuguswa. Wengine hapa naona hawajifunzi kwa kuangalia, wanajifunza kwa kushikwa mikono na kusikia uzito. Lakini sitaki kukudanganya. Kwake yeye, sijui."

Nilimpenda kwa kusema hajui. Lakini nilirudi nyumbani bila kitu cha kufanya.

Likizo ilipofika mume wangu akasema twende Runzewe, tubadilishe hewa. Nadhani alitaka kumwonyesha mtoto duka. Lilikuwa duka la kelele: mlio wa karasha kutoka upande wa pili wa barabara, pikipiki, wachimbaji wenye vumbi la mawe mpaka kwenye kope, wanaobishana kuhusu mikanda. Niliogopa kwamba atalia kutwa. Badala yake alikaa nyuma ya kaunta, kwenye maboksi ya gololi.

Gololi za karasha si zile za watoto. Ni tufe za chuma, kubwa kama ngumi, zinazozungushwa ndani ya mashine ili zisage mawe. Hizi zilikuwa mpya, bado zina mafuta ya kiwandani. Mtoto aliitoa moja kwa mikono miwili, akaiweka mapajani, na akatulia. Nilimtazama kwa muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa vimefunguka. Aliizungusha polepole, akaiinua kidogo, akairudisha. Haikuanguka.

"Baba," nilimwita mume wangu, "njoo uone."

Akaja akifuta mikono. Mara ya kwanza aliogopa vidole vya mguu vya mtoto, na alikuwa na haki ya kuogopa. Tukaiosha gololi kwa sabuni, tukatandika mkeka kwenye stoo ya nyuma, tukamkalisha chini, miguu kando. Nikakaa nyuma yake nikimshika mikono. Mume wangu akakaa upande wa pili wa mkeka. Akaiviringisha gololi kuja kwetu, polepole, inanguruma kwenye sakafu.

Nilisikia kifua cha mtoto kikikaza. Gololi ilipofika kwenye viganja vyake vilivyokuwa ndani ya viganja vyangu, uzito ule ulimsukuma nyuma kidogo, na yeye akausukuma. Ikarudi kwa baba yake.

Mteja aliita dukani, mume wangu hakwenda. Tulifanya vile mpaka nikalegeza mikono yangu bila kumwambia mtoto, kisha nikaiondoa. Gololi ilikuja, ikamfikia, akaizuia peke yake.

Mume wangu aliinamia mkeka kama anayetafuta kitu. Aliponyanyuka macho yalikuwa mekundu. "Hii haina mtu wa kuonyeshwa," alisema. Sikujua kama ananiambia mimi au anajiambia mwenyewe.

Ningependa kusema kwamba kutoka hapo mambo yalinyooka. Tulirudi Kahama na gololi yetu. Mwalimu aliifurahia, akashona mifuko ya mchanga yenye uzito tofauti, tukawa tunapunguza uzito kidogo kidogo. Kisha mwalimu akahamishiwa wilaya nyingine, na aliyekuja ana watoto wengi kuliko mikono. Runinga ya shule iliharibika kamera. Mtoto aliumwa malaria kali, na alipopona tulianza upya, kwani mengi yalikuwa yamemtoka.

Nilimpeleka Didia kwa mama yangu apumzike. Kule nako aliyoyaweza Kahama hakuyaweza. Sakafu ilikuwa ya udongo, mkeka mwingine, mwanga mwingine. Mama yangu alimwita "mayu, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, akimviringishia mfuko wa mchanga, na mfuko ukampita kama upepo. Jioni nilimsikia mama akiniombea.

Sasa binti yangu ana miaka tisa. Kikombe anakishika, si kila siku, ila siku nyingi, kama ni cha bati na kizito. Mpira wa kurushwa bado hadaki. Runinga ipo, na baba yake akija Jumamosi humwashia kwa muda, na mimi siku hizi siwagombezi. Nimeona kwamba wanapocheka wote wawili pale mbele ya kioo, ni kicheko cha kweli, hata kama hakihamii mezani. Tunachobishana sasa ni nini kitakuja. Yeye anazungumzia mitambo mipya, anasikia kuna ya glavu zinazokugusa. Mimi nahesabu miaka yangu.

Asubuhi moja ya juzijuzi nilikuwa nafunga kitenge nimpeleke shule. Nilipogeuka alikuwa ameketi kwenye ngazi na ameshavaa ndala zake mwenyewe. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa amezivaa kinyume, ya kulia kushoto, na kidole gumba kilitokeza pembeni. Niliinama nimrekebishie, akaurudisha mguu nyuma.

"Hapana," alisema.

Jirani yangu alikuwa anafagia nje, akasimama kututazama. Nilimsalimia, nikamshika mtoto mkono, tukaondoka hivyo hivyo, anaburuza miguu, anajikwaa, tunasimama, tunaendelea.