Kokwa za Buni na Shimo la Ndizi

Nakumbuka siku moja kijijini kwetu Chonyonyo, miaka michache baada ya vita, nimechuchumaa nyuma ya nyumba nikihamisha kokwa za buni kutoka mraba mmoja niliouchora mavumbini kwenda mwingine kama mtu aliyerukwa na akili. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, mwanangu, na dada yangu alikuwa anakaribia kuolewa.

Ndizi za pombe ya harusi zilikuwa zimefukiwa. Kwetu shimo hutandikwa majani ya migomba, mikungu mibichi ikapangwa na kufunikwa udongo, kisha moto wa moshi ukawashwa kwenye tundu la upande mmoja ili joto liziivishe ndizi. Safari hii wageni walikuwa wengi. Shimo likachimbwa refu mno, lakini tundu likabaki moja. Ndizi isiyoiva haitoi maji, na harusi isiyo na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni aibu ambayo bibi harusi huenda nayo hadi ukweni.

Chuoni tulifundishwa kuigiza safari ya joto: kigawe kitu vipande, na kila kipande kiwe kama mtu anayewaona majirani zake tu. Jirani akiwa na joto pungufu, mgawie. Basi kila mraba ulikuwa mkungu, kila kokwa joto kidogo; nyingine nilizitupa kando, fungu la joto linalonyonywa na udongo. Kila niliporudia, kokwa ziliishia katikati. Mikungu ya mwisho haikupata kitu.

Nikanyamaza. Je, kama udongo haunyonyi kiasi hicho? Je, wazee wakiniona najifanya mjuzi? Nikajifariji kwamba heri kujikwaa dole kuliko ulimi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, akanikuta hapo.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Kumbe tulikupeleka chuo ukajifunze bao?”

Nikamweleza yote. Akauliza, “Na ukirudia?”

“Jibu ni lilelile. Lakini huenda…”

“Huenda, huenda! Dada yako anapata mume, wewe umeolewa na huenda? Ungesema asubuhi nikakataa, mkaidi ningekuwa mimi. Sasa mkaidi ni wewe. Kimya kingi kina mshindo, baba. Hiki chako kitatupa ndizi mbichi.”

Akaita watu na majembe. Tundu la pili likatobolewa upande wa mbali, moto ukawashwa. Tulipofukua, ndizi zilikuwa njano huku na huku, isipokuwa kwenye pembe moja iliyopenyezwa maji zikabaki mbichi, jambo ambalo sikuliwazia kabisa. Hakuna aliyenilaumu. Rubisi ikatosha, na dada akaondoka kwa vigelegele.

Mwanangu, najua nawe huwaza mpaka usingizi ukakukimbia. Waza, si dhambi. Lakini ukipata jibu, litoe pamoja na shaka zake: sema hili nalijua, hili silijui. Shaka ukiificha ni mzigo wako. Ukiigawa, inakuwa kazi ya wote. Wala usingoje uhakika, maana mambo ya watu hayangoji.

Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema, na akuzungushie watu wanaoweza kukukatalia bila kukuchukia.