Maji Niliyoyaweka Chini

Ningerudishiwa siku moja tu, ningechukua Jumanne ile mgeni kutoka Kampala alipokaa kwenye baraza yangu hapa Lurujo, Koboko, nami ningemwambia hapana. Sikumwambia hapana. Nilimwambia, "Sawa, nitaongea naye," kisha nikamwita mke wangu amkaangie mgeni karanga.

Alikuwa wakala wa wachezaji, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Zamani alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kama tulichokirithi sisi tuliozaliwa na askari. Alikuja kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Kijana alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha Arua, na katika timu ya chuo alikuwa winga wa kushoto. Klabu moja ya Kampala ilimtaka. Wangesaini mwezi uliofuata, daktari wao akishampima. Mechi za msimu zilikuwa zimekwisha, ikabaki fainali ya vyuo peke yake, Jumamosi, kule Mvara. Wakala hakutaka aicheze.

"Mzee, iko mechi moja tu," alisema. "Lakini mguu pia iko mbili tu. Mutu akipiga yeye teke Jumamosi, klabu hapana chukua."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimeambia, amekataa. Mama yake amesema yeye hapana jua mambo ya mpira. Halafu wenzake wakaniambia, yule hapana sikia mutu, ila mjomba yake ya Koboko."

Hapo ndipo aliponipata. Kwetu, neno la kaka wa mama ni zito kuliko la baba. Mtoto wa dada akiwa na safari, mtihani au harusi, huja kwa mjomba wake na kuvua viatu. Mjomba huchukua maji kwenye kibuyu, huyatia mdomoni, humpulizia kifuani na miguuni, kisha humwambia nenda vizuri. Mjomba akisema usiende, haendi. Sijui kingempata nini akienda, maana simjui aliyejaribu. Basi mtu mwenye viatu vya kung'aa alikuwa ameupita mlango wa chuo, akaupita wa dada yangu, akaja kukaa kwenye kiti changu chenye mguu mbovu. Nilijiona mkubwa. Sitasema nilidanganywa.

Tena niliogopa kweli. Mimi goti langu la kulia liliharibika kwenye mechi ya shule, nikiwa kidato cha nne, na tangu siku hiyo kazi yake ni kutabiri mvua. Mke wangu huliuliza goti kabla ya kuanika mbegu za simsim.

Mgeni alipoondoka, mke wangu aliokota maganda ya karanga akaniuliza, "Utaongea naye nini? Umekuwa refa sasa?"

"Ni maisha ya mtoto."

"Maji iko ya mtoto, baba. Hapana ya klabu."

Mtoto mwenyewe tulikuwa tumemlea nusu. Kila likizo alitoka Arua akaja kwetu kuvuna. Nikienda dukani kwa baiskeli alikimbia ubavuni mwangu njia nzima, akiusukuma mpira wa matambara, na kwenye kilima alinisubiri na kunicheka. Alikuwa na miguu mirefu na myembamba. Nilipompulizia maji kabla ya mtihani wake wa kwanza, alipiga kelele kwa baridi, akasema, "Mjomba, mtihani iko ya kichwa, mbona unalowesha miguu?" Tangu hapo nilimpulizia na kichwani.

Alhamisi alikuja. Sikumwita; alikuja mwenyewe kuomba maji ya fainali. Alishuka kwenye bodaboda na viatu vya mpira vikining'inia shingoni, sukari ya mke wangu mkononi. Aliamkia, akanywa uji, akakaa juu ya ngozi ya mbuzi, akavua viatu na kunyoosha miguu. Mke wangu alileta kibuyu. Nilikishika. Kisha nikakiweka chini.

"Jumamosi hutacheza," nilisema.

Alicheka. "Mjomba, puliza, maji inapata joto."

"Nimesema."

Aliitazama miguu yake. "Nani alikuja hapa?"

Nilimweleza yote, sikuficha.

"Mjomba, hii timu tumekula sahani moja miaka tatu. Kipa yetu ya Pajulu, mama yake alikuwa naleta sisi viazi kila Jumapili, hata tukifungwa. Sasa nitasema nini kwake? Nitasema mguu yangu iko ghali?"

"Sema mjomba amekataa."

"Mimi nataka kucheza."

"Na ukivunjika?"

"Nikivunjika, nimevunjika. Mguu iko yangu."

"Na mimi ni mjomba wako," nikamwambia.

Hilo ndilo neno ninalolijutia kuliko yote. Lilimaliza mazungumzo. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba polepole, wa kushoto na wa kulia, akasema, "Sawa, Mjomba." Hakununa. Alimsaidia mke wangu kuingiza simsim ndani, kwa sababu goti langu lilikuwa limesema mvua, akaaga. Kibuyu kilibaki pale chini hadi kuku wakakiangusha.

Jumamosi nilikwenda Mvara. Nilimwambia mke wangu nakwenda kumpa moyo, lakini kwa kweli nilitaka kuhakikisha. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, suruali ndefu imepigwa pasi, nguo za wenzake zimejaa mapajani. Nyuma yangu walisimama vijana waliokuwa wanakula muwa.

"Wewe winga! Miguu umeacha nyumbani?"

"Hapana gusa yeye! Iko yai ile!"

"Afunikwe, jua itamharibu!"

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, akawapungia mkono. Nilitaka kugeuka niwaambie kwamba hakuogopa, kwamba aliyeogopa ni mimi. Sikugeuka. Wakati wa mapumziko alibeba dumu la maji akawamwagia wenzake kichwani, mmoja mmoja, nao wakaruka na kupiga kelele kwa baridi kama alivyozoea yeye.

Walishinda, goli moja kwa bila. Kipa alikimbia na kikombe akakiweka mapajani mwa mpwa wangu, juu ya zile nguo.

"Kishike, ndugu."

"Chukua," alisema. "Mimi leo dobi tu."

Walipojipanga kupiga picha, yeye ndiye aliyeshika simu.

Wakala hakuvunja ahadi, na lazima niseme hivyo. Daktari alimpima, mkataba ukasainiwa, akacheza Kampala misimu miwili, na sasa yuko ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, anacheza. Miwani niliyovaa nikiandika haya aliileta yeye. Hunipigia simu kila Ijumaa na jambo la kwanza huuliza goti. Mechi zake tunazitazama kwenye simu, na mke wangu humkaripia refa kana kwamba yuko jikoni kwetu.

Redioni nasikia kwamba siku hizi wanamichezo wengi wa vyuo, hata nchi za mbali, hukaa nje ya mechi za mwisho ili wafike salama kwenye klabu zao. Watangazaji hubishana. Mimi siwalaumu vijana hao. Mwenye mguu akipima na kuamua, ameamua. Wangu naye alikuwa amepima na kuamua, nami nikamwondolea uamuzi wake kwa kutumia kitu nilichopewa cha kumbariki.

Kabla ya kwenda ng'ambo alioa. Harusi ilikuwa Arua. Nilikalishwa mbele, nikavishwa koti jipya, nikapewa fungu la nyama la mjomba bila kupungua hata mfupa. Mke wangu alikuwa amebeba kibuyu kwenye mkoba wake, kimejaa. Tulingoja hadi maturubai yakashushwa. Alikuja kutukumbatia, viatu vyake miguuni, akatutafutia gari la kuturudisha Koboko. Wiki mbili baadaye akapanda ndege.

Kwa desturi, mimi niliyeyaweka maji chini ndiye niliyepaswa kuyaokota, nimfuate na kumwomba anyooshe miguu. Nilijua hivyo. Nilingoja aanze yeye, kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

Mwishowe nilimwuliza, Ijumaa moja, kwa nini siku ya harusi hakuomba maji.

"Mjomba," alisema, "nilikuwa naogopa utaweka chini tena." Kisha akasema, "Goti iko namna gani?"

Nilimwambia goti ni zima.

Uamuzi wa Jumanne ile ulinigharimu hiki: nina mpwa anayenipenda na kunipigia kila wiki, na hataniomba tena maji.