Chuma Kilicho Chini ya Matao

Jumapili ile tulikuwa wanne nyuma ya mkahawa: mimi, mdogo wangu wa pekee, aliyekuwa akivaa soksi za shule hata siku za mapumziko, shangazi yetu, aliyekuja kutoka Ilford na bakuli la pilau mapajani, na mzee wa Kiitaliano mwenye mkahawa, aliyenipa kazi pale Peckham, na chumba cha juu cha kulala sisi wawili, mama alipomfuata baba kaburini.

Juu ya mashine ya kahawa ilining'inia picha ya jengo la kwao. Nilipoanza kazi nilidhani ni kanisa.

"Kanisa liko ng'ambo ya uwanja," mzee aliniambia. "Hii ni nyumba ya mji."

Chini lina matao ya mawe, marefu kiasi cha mkokoteni kupita na mzigo wake. Juu ya matao kuna ukumbi wa baraza, wa matofali mekundu, kwa sababu mji uliishiwa na mawe kabla haujaishiwa na hamu. Pembeni kuna mnara wa kengele, na ukingo wa paa umekatwa meno meno, kila jino limegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Nimefuta vumbi kwenye kioo cha picha ile miaka mingi. Naweza kukuchorea nimefumba macho.

Mdogo wangu alitakiwa kupeleka shuleni mfano wa jengo la kale na kueleza historia yake. Kazi zake za nyuma zilikuwa zimemwendea vibaya, na alikuwa ameshanitangazia, kwa Kiingereza kama anavyonijibu siku zote, kwamba na hii ikimshinda ataacha shule aje kuosha vyombo pamoja nami.

"Wewe si uliacha?" alisema.

Niliacha kwa sababu kulikuwa na mtu wa kulisha. Yeye hakuwa na sababu hiyo, na sikukusudia kumpa. Nikamwomba mzee atupe Jumapili yake, akakubali kabla sijamaliza kusema.

Tulipanga maboksi ya tambi mezani, mikasi na gundi. Mdogo wangu akatoa rula. Mzee akamrudishia.

"Jengo hili limejengwa na watu wasiojua sentimita. Kwetu tulipima kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole."

"Hata kwetu," nilisema, na nilifurahi kupata neno la kuchangia. Mama alikuwa akipima mapazia ya watu hivyo hivyo. Alinisimulia kwamba zamani nyumbani, akienda kununua kitambaa, alimchukua jirani mmoja mrefu kama mlingoti, ili muuzaji apimie mkono wa yule.

Basi mzee akataja vipimo kutoka kichwani, mkono mmoja huku, shibiri mbili kule, tukagawana kazi. Mimi nikakata matao. Yeye akakata ukumbi. Shangazi, ambaye alisema amekuja kula tu, akapewa mnara. Mdogo wangu akawa na meno ya paa, huku akiandika anayosimulia mzee.

Mzee alisimulia kwamba mkuu wa mji hakuruhusiwa kuwa mwenyeji. Waliagiza mtu kutoka mji mwingine, akahukumu kwa muda mfupi, kisha akaondoka, akiacha nembo ya ukoo wake imechongwa ukutani. Mwenyeji angewapendelea ndugu zake.

"Hao walikuwa na akili," shangazi alisema. "Walijua ndugu ni nini." Kisha akanigeukia. "Sisemi wewe, mama. Nasema upande wa marehemu mume wangu."

Saa ya kuunganisha ikafika. Tukaweka ukumbi juu ya matao, ukaning'inia nje pande zote. Mnara tukautumbukiza kwenye nafasi niliyouachia, ukacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Mzee ana mikono mirefu, shangazi ana viganja vya mtoto, na mimi niko katikati. Kila mmoja alikuwa amepima sawasawa, kwa mkono wake.

"Kifuniko cha sufuria kubwa," shangazi alisema, "juu ya sufuria ya uji."

Mdogo wangu aliweka mikasi chini polepole, akavua ile aproni niliyomfunga. "Kesho siendi," alisema. "Nitashuka nawe asubuhi kufungua mkahawa."

Nilifungua mdomo kumkaripia. Mzee akanitangulia, akiwa anautazama ule ukumbi ulioning'inia.

"Nimesahau chuma."

Akaeleza, na wakati huu alieleza kwa mdogo wangu peke yake. Chini ya matao ndipo soko lilipokuwa. Wauza vitambaa walikuja na mikono ya kila namna, na kila siku ya soko palikuwa na ugomvi. Hatimaye baraza likaamuru upau wa chuma, wenye urefu wa mkono mmoja wa mji mzima, upigiliwe kwenye ukuta wa nyumba ya mji. Kando yake wakachonga kwenye jiwe umbo la tofali na umbo la kigae. Kuanzia hapo mwenye shaka alikibeba kitambaa chake mpaka ukutani, na maneno yakaisha. Alipokuwa mtoto, mzee alikuwa akipita pale kila siku akilaza mkono juu ya chuma kile, kuona kama amefikia.

"Kwa hiyo tuchague mkono mmoja," alisema. "Wa nani?"

Mdogo wangu hakutazama mtu. "Wa dada," alisema, kwa Kiswahili.

Nikalaza mkono mezani. Mzee akanyoosha uzi wa kufungia maboksi ya keki, kutoka kiwikoni mpaka kidoleni, akaukata. Tukaanza upya, wote kwa uzi ule, na pilau ikapoa kwenye bakuli. Tulipoupandisha ukumbi mara ya pili ulikaa.

Jumatatu mdogo wangu aliubeba mfano kwenye basi, ameukumbatia. Mwalimu aliuweka kwenye meza ya mlangoni mwa shule, ukakaa pale mpaka muhula ulipofungwa. Habari ya kuacha shule sikuisikia tena. Leo anachora ramani za majengo, na watoto wake nao hunijibu kwa Kiingereza.

Jioni ile ya Jumapili, wakati naosha brashi za gundi, nilimwuliza mzee tumlipe nini kwa siku yake. Alisema kwao kulikuwa na tetemeko, uso wa jengo ukaegemezwa magogo, na hakuna aliyewahi kumwambia kama chuma bado kipo. Daktari alikuwa ameshamkataza safari. "Mmoja wenu aende akalaze mkono pale. Kisha aje aniambie."

Mkahawa sasa ni duka la simu. Mzee yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, vituo vichache vya basi kutoka kwangu, na siku zangu za mapumziko humpelekea biskuti ngumu anazochovya kwenye kahawa. Mwaka mmoja mdogo wangu alimfungulia picha za mtaa wa jengo la kwao kwenye simu. Matao yapo, mnara upo. Mbele ya ukuta wenyewe limeegeshwa gari jeupe la mizigo, limefunika pale pale pa chuma.

"Hata hivyo," mzee alisema, "simu haina mkono."

Tumepanga kwenda, tukaahirisha. Mara uzazi, mara zamu zangu, mara pasipoti imekwisha muda. Uzi ninao, uko kwenye droo ya vijiko. Wiki iliyopita alinishika mkono kabla sijavua koti.

"Umefika?"

"Bado, mzee."

Akaupima mkono wangu kwa shibiri zake, taratibu, mpaka kiwikoni. "Haujapungua," alisema, akaendelea kuushika.