Mkaa Uliokolea

Mama aliteremka kwenye basi la Kilosa akiwa na begi la nguo na kiroba cha mkaa. Nilikuwa nimeshamwambia kwenye simu kwamba nyumbani kwangu tunapikia gesi. Akanijibu kwamba gesi ni ya kuchemshia chai, haiwezi kumkausha mzazi. Nilikuwa na siku tatu tu tangu nijifungue, na mtu wa siku tatu habishani na mama yake.

Nyumba yetu iko peke yake ukingoni mwa hifadhi, mwendo mrefu wa bodaboda kutoka Mikumi mjini, kwa sababu mume wangu ni askari wa wanyamapori. Ni nyumba nzuri, siyo siri: matofali, bati, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini yanayofunga mpaka husikii ndege. Na huwa yamefungwa kweli. Ukisahau dirisha wazi, nyani wameshaingia jikoni, wamekula ugali na kuacha mavi mezani kama risiti. Nimewahi kupambana na dume mmoja kwa mwiko, nikashindwa, kwa hiyo sikuwa na haja ya kushawishiwa kufunga.

Mama alizidisha. Alitundika blanketi dirishani juu ya pazia na kusokomeza kanga kuukuu chini ya mlango, upepo usimpate mtoto. Kila asubuhi aliwasha jiko nje, akalipepea bila haraka mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu. Hapo ndipo alipoliingiza chumbani na kuliweka karibu na kitanda. "Mkaa ukishakolea hauna neno," alisema. Bibi alimfundisha hivyo, naye bibi alifundishwa na mama yake.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi. Mara ngapi nimefunika mshumaa kwa glasi mbele ya darasa zima, tukautazama ukizimika? Nikalala mle ndani kama mshumaa ule ule. Kichwa kiliniuma, nikameza panadoli. Mtoto alilala mno, hata kunyonya alikuwa akiamshwa kwa kufinywa kisigino, na mimi, mwalimu mzima, nikajisifu kwamba nimezaa mtoto mpole.

Wiki ya pili alifika binti mmoja mtafiti, mwenye buti za matope na adabu zake. Alimpa mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, ndipo akaeleza shida yake. Alikuwa akizungukia nyumba zilizo mbali na miji kupima hewa ya ndani. Alitundika ukutani kisanduku kidogo chenye taa: kijani hewa ni njema, njano angalieni, nyekundu tokeni nje. Akaniachia daftari, kila taa ikibadilika niandike tunafanya nini. Alikitundika sebuleni, kwa kuwa hakutaka kuingia chumba cha mzazi.

Kuandika huko kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Mama akifagia bila kunyunyiza maji, njano. Akikaanga vitunguu, njano inayokaribia nyekundu. Akinyoosha nepi kwa pasi ya mkaa ili kuua mayai ya nzi, funza wasimwingie mtoto ngozini, nyekundu. Ubani wa kupokea wageni, nyekundu. Siku moja walikuja wanawake sita kumwona mtoto, hapakuwa na jiko wala ubani, tulikaa tu tukicheka na mlango umefungwa, na taa ikawa njano. Niliwaonyesha, wakaona ni uchawi. Mimi nilikaa nikifikiri kwamba hata kupumua kwetu kunachafua nyumba isiyopumua.

Kesho yake nikakichukua kisanduku, nikaenda nacho chumbani. Jiko lilikuwa pale, jekundu, safi, bila uzi wa moshi. Taa ikawaka nyekundu, na kidude kikaanza kulia.

"Kibovu hicho," mama akasema.

Akakitoa nje, akakiweka kivulini. Kikawa kijani. Akakirudisha chumbani, kikalia. Akakitoa tena. Mara tatu alikwenda na kurudi, na ya tatu alilitoa jiko nje, akafungua dirisha, akangoja kidogo, ndipo akaingiza kisanduku peke yake. Kilibaki kijani. Wanafunzi wangu hawajawahi kufanya jaribio kwa uangalifu ule.

Ningenyamaza hapo. Badala yake nikavaa sauti yangu ya darasani. Nikamweleza kwamba makaa mekundu yana hewa isiyoonekana wala kunusika, inayolaza mtu moja kwa moja. Nikamwambia desturi hii ilitoka nyumba ya nyasi ya bibi, ambako ukuta na paa havikugusana, na sisi tumeileta kwenye sanduku la saruji. Nilipenda maelezo yangu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje.

Kuanzia siku hiyo dirisha likawa wazi. Mama aliketi nje chini yake kwenye kigoda, fimbo mkononi, akilinda nyani wasimfikie mjukuu. Mtoto alianza kuamka mwenyewe na kulia kwa fujo. Nilifurahi kusikia kelele ile, nikasema kwa sauti kwamba kumbe binti yangu ni mkorofi.

Mama hakucheka. Akaniuliza kutoka dirishani, bila kugeuka, kama najua habari za aliyenitangulia kuzaliwa. Nilijua tu kwamba alikuwepo kaka. Nyumbani tulisema hakuandikiwa kuishi, basi.

"Tulikaa kambi ya mkonge, Kimamba," akasema. "Chumba cha saruji, dirisha moja dogo. Nililiziba kwa gunia, nikaweka jiko la mkaa ndani. Mtoto alikuwa mpole sana, hasumbui. Siku ya kumi na tisa hakuamka. Hakukohoa, hakupata homa. Wakubwa wakasema ni upepo, sikuziba sawasawa." Akainua fimbo, akaishusha. "Ndiyo maana ulipozaliwa wewe niliziba hadi tundu la ufunguo. Mungu tu ndiye aliyekunusuru."

Nilimpakata mtoto, mkono wangu mgongoni mwake, nikihesabu pumzi. Maneno yote niliyosema juzi kwa madaha yalinirudi, na nikajichukia.

"Mwanangu, wewe umesoma," mama akasema. "Ule ulikuwa upepo?"

"Ulikuwa upepo, mama."

Tangu nikiwa mdogo mama hajawahi kushindwa kujua ninaposema uongo. Mgongo wake ukiwa bado upande wangu, akasema ahsante.