Jina Lililorudishwa Asubuhi Moja

Kwa miaka minne Dorosela aliujenga mfumo wa kompyuta wa ghala moja la parachichi pale Makambako, akiingiza mkulima baada ya mkulima. Mkataba ulipokwisha, meneja Danford alimuaga kwa soda moja, na kiti akampa Kasimiri, mtoto wa shemeji yake. Dorosela akarudi kwao mtaa wa Ramadhani, Njombe mjini, kuchapa barua za watu kwenye kibanda cha steshenari.

Miezi minane baadaye kompyuta ya ghala ikafa. Nakala ya akiba ya taarifa ilikuwapo, maana Dorosela ndiye aliyewazoesha kuitunza. Kasimiri akaleta kompyuta mpya, akasajili majina ya watumishi, akairejesha nakala. Taarifa za mapokezi zikaingia, za ubora zikaingia. Za wakulima zikagoma. Na bila namba ya mkulima, mnunuzi hapokei hata kreti moja. Malori mawili yamesimama uwanjani, parachichi zimeanza kulainika. Hapo ndipo Danford alipoikumbuka namba ya simu ya mtu.

“Kamwene, dada Dorosela,” akamsalimu Kibena kwenye simu. “Ukituokoa, mkataba wako unarudi leo leo.”

Aliamini, na mimi simcheki. Aliyeshinda miezi minane akichapa maombi ya kazi ya wenzake atakataa kwa ujanja gani?

Akapanda basi la alfajiri hadi ghalani, akasoma ujumbe wa makosa kwenye kompyuta, akajua palipokwama. “Kasimiri, kila jedwali lina mwenyewe. Ya wakulima ni yangu, na mimi ndiye niliyewapa wengine ruhusa ya kuyasoma. Hapa hujanisajili. Mashine inatafuta mtu wa kumkabidhi, haimwoni.”

“Nilitumia orodha ya mishahara, dada,” Kasimiri alisema akiangalia chini. “Hukuwamo.”

Dorosela akalisajili jina lake mwenyewe, akairejesha nakala upya. Majedwali yakaingia, ruhusa zikafuata. Saa tano malori yakaanza kupakia.

Danford alikuja anatabasamu. “Sasa hamishia kila kitu kwenye jina la ghala, halafu jina lako lifute. Wakaguzi wasije wakauliza huyu ni nani.”

“Na mkataba, bosi?”

“Hilo nitalipeleka kwenye bodi. Tutawasiliana.”

Roho ilimuuma Dorosela. Alilijua neno hilo. Wateja wake wa kibandani walijibiwa hivyo hivyo. Angeweza kusimama akaondoka. Hakuondoka, kwa sababu kipande cha moyo wake bado kiliitegemea ile bodi, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Akahamisha vyote. Akalifuta jina, mashine ikakataa: kuna kitu bado ni cha mtu huyu. Akakitafuta, akakikuta. Lilikuwa jedwali la majaribio la siku yake ya kwanza kazini, lenye mstari mmoja tu. Mkulima namba moja: Matilda, Ludewa, miche sita. Mama yake, aliyefariki kabla miche haijazaa.

“Bado tu?” Danford aliuliza kutoka mlangoni.

Akaufuta mstari, akalifuta jedwali, akalifuta jina. Safari hii mashine haikukataa.

“Tayari, bosi,” akasema.