Kankindi Alipofungua Sanduku

Siku hizo ukipita Biryogo, mtaa wa Kigali, ungesikia cherehani kabla hujaona mtu. Baraza ya Mzee Usumani ilikuwa na cherehani sita. Ya tano ilikuwa ya Kankindi, ya sita ilikuwa yangu mimi, Mukashema. Kwa zaidi ya miaka mitatu tulikaa bega kwa bega, tukila chapati na maharage kwenye sahani moja, na sijapata tena rafiki wa namna ile.

Mwaka 1990 Kankindi alikuwa na miaka ishirini na minane. Mrefu, mkimya, mwepesi wa mkono. Sisi wengine tulishona kanzu na sare za shule. Yeye akipewa kitambaa cheupe na nyuzi za rangi, alitarizi maua mpaka unatamani kuyanusa. Nyumbani Muhima, alikoishi na mama yake, alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Humo aliweka mashuka ya harusi yake. Mchumba wake, Silvère, alikuwa amekwenda kusoma Ubelgiji, na kila ilipofika barua yake, Kankindi alianza shuka jipya. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza yalikuwa saba.

Desemba ya mwaka huo akaokoka. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwezi Oktoba, watu walikuwa na hofu, na kanisa letu dogo la Muhima lilijaa kila Jumapili. Nilikuwa nimemwalika miezi mingi, naye akikataa kwa upole. Siku hiyo alisimama mwenyewe, akaenda mbele, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni: "Yesu, chukua maisha yangu yote."

Kwetu walokole, neno "yote" halikuwa la mchezo. Jumatatu alifika kazini amebeba mfuko wa vipande vya vitambaa. Kila fundi anaijua dhambi hiyo: mteja analeta mita nne, gauni linakula tatu, na ile moja hairudi.

"Dada, nisindikize Kiyovu," akaniambia.

Tulipanda hadi kwenye nyumba ya mama mmoja mwenye cheo. Alitoka akipuliza kucha zilizopakwa rangi mbichi. Kankindi akamnyooshea kitambaa cha bluu.

"Madamu, hiki ni chako. Nilikuambia gauni lilikimaliza. Nilikudanganya."

Yule mama akakitazama, kisha akatutazama sisi. "Gauni lenyewe nilishampa mdogo wangu. Nani amekutuma?"

"Yesu."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akaenda ndani, akatuletea Fanta mbili. Tuliteremka mjini tukicheka njia nzima, miguu yetu myepesi kama ya wasichana.

Alikwenda kwa wateja kumi na mmoja. Wawili walimtukana. Mzee Usumani, Mwislamu wa swala tano, alikuna ndevu zake. "Binti yangu," akasema, "dini yako itanifungia hii baraza." Lakini alisema akitabasamu, na baada ya hapo akamwachia funguo.

Hivyo ndivyo alivyotoa kimoja kimoja. Alitoa ulimi wake, uliokuwa mkali akikasirika. Alipatana na shangazi yake, ambaye walikuwa hawasalimiani naye tangu msiba wa baba. Alitoa Jumamosi zake kwa wagonjwa. Ila lile sanduku. Katika maombi ya Alhamisi, mtu akiomba, "Bwana, tunakukabidhi na yale tunayoyatamani," amina ya Kankindi ilichelewa. Mimi niliyekaa karibu naye niliisikia ikichelewa.

Siku moja nikamwuliza. Akanijibu bila kuinua macho, "Hilo ni la Silvère. Mungu hana haja ya mashuka."

Kufikia mwanzo wa 1993 yalikuwa kumi na mawili, ingawa barua sasa zilikuja mbili kwa mwaka.

Februari mapigano yalifika karibu, na watu wa kaskazini wakakimbia kwa maelfu. Walipiga kambi Nyacyonga, nje kidogo ya mji. Kanisa likakodi gari dogo, tukapeleka maharage na sabuni. Sijasahau moshi wa kuni mbichi, wala vile vibanda vya matawi na plastiki vilivyofunika kilima kizima. Katika kimoja tulimkuta mwanamke aliyejifungua juzi yake. Mtoto alikuwa amefungwa katika gunia la mbolea, maandishi ya kiwanda yakiwa kifuani pake. Kankindi alipiga magoti, akamshika, akamrudisha kwa mama yake.

Kesho yake asubuhi aliniita kwao. Nilimkuta amelivuta sanduku katikati ya chumba, limefunguliwa, mkasi wa kazi ukiwa juu ya kitanda.

"Unafanya nini?"

"Nakata. Shuka moja linatosha watoto wanne."

Nilimshika mkono. Nilikuwa nimeona kila ua likizaliwa, nilijua lipi alilitarizi akiwa na homa. "Bakiza hata mawili! Silvère atakuja." Na alipotikisa kichwa, hasira ikanipanda, nikasema neno ambalo hadi leo naona haya: "Na hao hata si watu wetu."

Nilimaanisha kabila: wao Wahutu, sisi Watutsi. Miaka ile liliandikwa katika vitambulisho vyetu, na kwa wengi lilikuwa limeshaandikwa moyoni.

Kankindi akaketi chini. "Mtoto wa siku mbili, Mukashema. Yeye ni mtu wa nani?" Nikauachia mkono wake. Akaendelea taratibu, "Miaka miwili namwambia Mungu achukue vyote, huku nimekalia kifuniko. Naogopa, dada. Nikiyatoa haya, nitabaki na nini? Lakini nimechoka kumdanganya."

Akalikata shuka la kwanza ukingoni huku machozi yakimtoka. Mimi nikachukua mkasi wa mama yake, nikaanza la pili.

Mzee Usumani aliposikia, hakutoa maneno mengi. Aliweka jora la flaneli juu ya cherehani ya Kankindi. "Mashuka yako haitatosha," akasema. "Shona nguo ya watoto." Tukashona, na kila Jumamosi tukapeleka.

Ningependa kusema Silvère alirudi. Mwezi Juni barua ilikuja, na ilikuwa fupi: amepata kazi huko, amepata na mwenzi, anaomba asamehewe. Kankindi aliisoma kwenye cherehani, akaikunja, akamaliza pindo alilokuwa analishona, kisha akaenda uani. Alilia siku tatu. Sitaki mtu afikiri hakulia. Alhamisi akaomba mbele yetu sote: "Bwana, na huyu pia. Nakupa, ila naumia." Akasema amina yake mwenyewe kabla hatujamwitikia.

Baada ya hapo alibadilika, na si kwa huzuni. Alianza kuimba akifanya kazi. Alicheka kwa urahisi. Wasichana wa kambini aliowafundisha kushika sindano walimwita mama, naye aliitika. Nilimwonea wivu, kwa sababu mimi bado nilikuwa na vitu vingi vya kulinda.

Yaliyotupata Aprili 1994, mauaji ya kimbari, kila Mnyarwanda anayajua. Mzee Usumani alinificha katika chumba cha nyuma ya baraza, mimi na wengine wanne. Kankindi alikuwa Muhima kwa mama yake. Waliuawa wote wawili juma la kwanza. Alisema nini mwishoni sijui, na sitabuni.

Nikimkumbuka, mara nyingi naikumbuka Jumamosi moja ya mwezi Machi, mwaka uleule. Mvua ilitukamata Muhima, tukajibanza chini ya paa la duka. Ilipokatika tuliteremka hadi Nyabugogo, tukanunua nanasi lililomenywa, tukalila tukitembea, maji yake yakituchuruzika hadi viwikoni, wanawake wawili wazima, tukishindana nani atapata kipande cha mwisho.